Big Brother Africa Ilituponyoka Hivi, Naonyesha kwa Visoda

Haya wadau, mko salama? Leo tunaichambua Big Brother Africa, kile kipindi cha televisheni cha kufungia watu wa nchi za Afrika kwenye nyumba yenye kamera, wanatolewa kwa kura mpaka abaki mshindi, na niwaambie mapema kabisa kwamba nina hasira nayo. Nilikipenda kile kipindi, halafu kikaharibiwa huku naangalia. Kwa hiyo kama umekuja kuuliza Big Brother ni nini, kamera ziko ngapi, ile sauti inatoka wapi, hayo mnayajua. Tusimaliziane bando bure.

Twende mezani moja kwa moja. Kamera naishusha kidogo... hapo. Hivi ni visoda. Viko kumi na viwili, msihesabu, niaminini. Kila kisoda ni mtu mmoja, na kila mtu ni nchi moja. Tarehe 25 Mei 2003, watu 12 kutoka nchi 12 walifungiwa kwenye nyumba moja Afrika Kusini, wakakaa siku 106. Hiki chekundu ni Mwisho Mwampamba wetu. Hiki cha machungwa ni Gaetano Kagwa wa Uganda. Hiki Abby wa Afrika Kusini, nakisogeza karibu na Gaetano, maana walipendana mle ndani. Na hiki cheusi ni Cherise Makubale wa Zambia, ambaye mwishoni aliondoka na dola 100,000, Mwisho akawa wa pili. Ndiyo, tulikuwa wa pili kwenye msimu wa kwanza kabisa, watoto wa juzi mnaodhani Tanzania ilianzia kwa Idris wa 2014.

Sasa fanya hesabu ndogo ya darasa la nne. Siku 106 gawanya kwa watu 12. Unapata karibu siku tisa kwa kichwa kimoja. Siku tisa nzima za kumjua mtu mmoja! Unajua anavyoamka, anavyokula, akinuna ananuna vipi, akidanganya anashika wapi usoni. Ikifika wiki ya saba humwiti tena "yule Mmalawi", unamwita jina lake, na akitolewa unakosa raha nyumbani kwako kama shemeji amesafiri.

Na watu walikuwa wanaangalia, tusidanganyane. Bunge la Malawi lilikaa likapiga marufuku kipindi kisionyeshwe kwenye televisheni ya taifa, mpaka mahakama ikaja kutengua. Namibia, rais Sam Nujoma mwenyewe alilitaka shirika la utangazaji la nchi liache kuonyesha, liweke historia ya taifa badala yake. Rais wa nchi! Unadhani rais anapoteza muda wake na kipindi kisicho na watazamaji? Walilalamikia maadili, ile saa ya kuoga hasa, kamera zikiwaonyesha washiriki bafuni, na sitaki kuirudia hapa kwa sababu mama yangu anaangalia chaneli hii. Shikamoo mama.

Hapo hapo 2003 walifanya kitu kizuri ambacho sijaona kikirudiwa kwa akili ile. Wakamtoa Gaetano wakampeleka kwenye nyumba ya Big Brother ya Uingereza, na kutoka Uingereza akaja Cameron Stout, muuza samaki wa visiwa vya Orkney, akakaa na Waafrika siku chache. Kituko kimoja tu, chepesi, halafu kila mtu akarudi kwake na mchezo ukaendelea. Likumbukeni neno "kimoja", nitalihitaji.

Kabla sijaendelea, tangazo fupi la chaneli. Video zitaanza kutoka Alhamisi jioni badala ya Jumapili, maana Jumapili nagombana na mipira ya Ulaya na nimeshindwa. Bonyeza kengele. Na hii maiki mpya, kama inakoroma niambieni, muuzaji ameniapia haikoromi.

Turudi. 2007 msimu wa pili ukaja. Kimya cha miaka minne katikati, si mchezo, lakini fomula ni ile ile: watu 12, siku 98. Mgawanyo ni siku nane na kidogo. Akaingia Richard Bezuidenhout wa Tanzania, mume wa mtu, Afrika nzima ikijua, halafu akazama kwenye mapenzi na Tatiana wa Angola mbele ya kamera. Watu walichukia! Vijiwe vyote, saluni zote, daladala. Lakini angalia muda unavyofanya kazi. Zile siku 98 zilitosha kumchukia Richard, kumcheka, kumzoea, halafu kumpa ushindi. Akabeba zile dola 100,000. Msimu wa wiki chache ungetuacha kwenye kumchukia tu.

Sasa nakuja kwenye ninachokichukia. Naongeza visoda. Subirini, vinadondoka... 2014, msimu wa Hotshots, watu 26. Meza imejaa, mnaona? Na siku ngapi? 63. Gawanya. Siku mbili na nusu kwa kichwa, na hata nusu yenyewe haijatimia. 2012, StarGame, ndiyo balaa zaidi kwa wingi wa watu, 35 kwa siku 91. Siku mbili na ushee. 2013, The Chase, watu 28 kwa siku 91, siku tatu na kidogo. Kutoka siku tisa hadi mbili! Siku mbili huwezi kumjua hata mpangaji mwenzako.

Na bado hawajaridhika. Chukua hivi visoda, gawa mafungu mawili. Fungu hili kushoto, fungu hili kulia. 2011 wakaanza na nyumba mbili, Heads na Tails, na mwishoni wakatoa washindi wawili, Karen wa Nigeria na Wendall wa Zimbabwe, kila mmoja dola 200,000. 2012 Upville na Downville, huku mastaa, kule watu wa kawaida wameingia wawili wawili. 2013 Ruby na Diamond. Kila nyumba ilikuwa na chaneli yake kwenye DStv, 197 na 198.

Nawaonyesha mtazamaji wa kawaida anavyoteseka. Hii ni rimoti yangu. Uko 197. Wawili wamekaa kitandani wananong'ona, inaonekana mmoja anataka kusema jambo. Anavuta pumzi. Simu inaita, ni binamu yako: "Weka 198, wanapigana!" Unaweka 198. Wameshamaliza kupigana, mmoja anakunywa maji. Unarudi 197. Yule wa kitandani ameshasema, sasa hivi analia, na wewe hujui analilia nini. Unabaki hapo kusubiri arudie. Harudii. 198 kuna muziki umeanza. Narudia, 197, 198, 197, 198... kidole kinauma na sijaangalia kitu! Umekaa saa mbili, umelipia kifurushi, na ukiulizwa kesho kazini kilitokea nini huna la kusema. Na kile kipindi kiliishi kwa "jana uliona?" Sasa hatukuona kitu kimoja. Mwenzako aliona Ruby, wewe uliona Diamond. Mnabishana nini?

Halafu ile kuokoa na kubadilisha. Mkuu wa nyumba, yaani mshiriki anayeongoza wiki hiyo, anamtoa mmoja kwenye orodha ya waliopendekezwa kutoka, hata yeye mwenyewe, anamweka mwingine. Mwanzoni niliipenda, nakiri ilikuwa na utamu wa fitina. Lakini ukiijumlisha na nyumba mbili, na watu 35, na mastaa, na kazi za wiki, inakuwa vurugu. Ndiyo maana nilisema likumbukeni neno "kimoja".

Kuhusu mastaa nitapita haraka. Prezzo wa Kenya 2012 alikuwa burudani, akawa wa pili nyuma ya Keagan wa Afrika Kusini, sina neno naye. Marehemu Goldie wa Nigeria alikuwemo pia. Lakini staa anaingia na mashabiki wake wa nje, na anachokilinda ni jina lake. Yule mtu wa kawaida aliyeingia 2003 hakuwa na jina la kulinda, hakukuwa na Instagram, hakujua akitoka atakuwa nani. Wa 2014 alijua fika. Alikuwa anapiga picha za tangazo huku analia.

Zawadi? Ilikuwa inapanda tu. 100,000, 200,000, ikafika 300,000. Idris Sultan, mpiga picha wa Bongo, Desemba 2014 akamshinda Tayo wa Nigeria na kuchukua dola 300,000, ambazo kwa wakati ule zilivuka shilingi milioni 500. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa niambie, huyu ni Mtanzania mwenzangu, ameshinda, na bado sikumbuki hata robo ya aliokaa nao mle ndani. Cherise, Gaetano, Abby, Mwisho, nawakumbuka wa 2003! Pesa mara tatu, kumbukumbu robo. Mtu anapoongeza dau namna ile, mimi nashtuka kwamba bidhaa yenyewe haijiuzi tena.

Mtasema ni moto. Ni kweli, tarehe 2 Septemba 2014 nyumba iliungua Johannesburg, siku chache kabla ya ufunguzi, wakatafuta nyumba nyingine wakaanza Oktoba 5. Wengine wanasema mkosi. Hapana bwana. Nyumba iliungua na bado wakaonyesha msimu mzima mpaka mshindi akapatikana. Walioshindwa kurudi ni baada ya hapo. 2015 tulisubiri, hola. 2016, hola. Mpaka leo.

Wengine mtasema ni simu, watu wamehamia mtandaoni. Hii hoja ndiyo inanichosha kuliko zote, kwa sababu jibu lipo Nigeria. Big Brother Naija, ile ya Wanigeria peke yao, ilifufuliwa 2017, Efe akashinda, na simu zile zile mnazosema ziliua kipindi ndizo zinazokilisha. 2019 wakahamishia nyumba Lagos kabisa. Kila msimu mitandao inawaka, hata hapa Bongo watu wanajua majina ya washiriki wa Kinigeria kuliko wabunge wao.

Hapo najua kuna mjanja ameshachukua kikokotoo: Naija ya 2019 ilikuwa na watu 26 kwa siku 99, chini ya siku nne kwa kichwa, mbona haikufa? Swali zuri, na nimelala nalo. Jibu langu ni kwamba Mnigeria akimwangalia Mnigeria hahitaji siku tisa. Akisikia lafudhi tu ameshajua huyu ametoka wapi, utani wake anaupata bila kuelezwa, tusi lake analielewa kabla halijaisha. Sisi tulikuwa tunaangalia Mnamibia, Mmsumbiji, Mghana, Mtanzania, wote wamebanwa kwenye Kiingereza, na wengine Kiingereza chenyewe kinawapa homa. Mtu wa namna hiyo umpe muda afunguke. Yaani hicho kipindi cha bara zima ndicho kilichohitaji muda mrefu kuliko vyote, na ndicho wakakipunguzia.

Na kura zenyewe zilihesabiwa kwa nchi. Nchi nzima ikishapiga inageuka kura moja. Nyumba ikiwa na watu 12 unaowajua, unaweza kumpigia wa nchi nyingine kwa sababu umempenda. Wakiwa 26 huwajui, unampigia wa kwenu basi, na wa kwenu akitoka unazima. Mimi mwenyewe nilikuwa nazima. Kwa hiyo kila Jumapili ya kutoa mtu walikuwa wanatoa na nchi.

Mnanitumia ujumbe niilinganishe na Tusker Project Fame. Hiyo nayo ilikuwa ya kwetu Afrika Mashariki, Valerie Kimani wa Kenya 2006, Hope wa Burundi 2013, lakini pale kuna kuimba, mtu akiimba umeshamjua. Haifanani. Hiyo nitaifanyia video yake, na Bongo Star Search pia, ila ile ya Madam Rita nitahitaji vipande vya usaili na kicheko changu hakitaruhusu kazi iende.

Hukumu yangu basi, ili mnaoruka mbele muipate. Msimu wa 2003, tisa kwa kumi. 2007, tisa na nusu, na Richard hahusiki na upendeleo huo, msinianze. 2010, All Stars, nawapa saba kwa sababu waliwarudisha watu tuliokwisha kuwajua, akiwemo Mwisho aliyemchumbia Meryl wa Namibia humo humo ndani. Mnaona? Watu tunaowajua. 2011 hadi 2013, nne. 2014, tatu, na moja kati ya hizo ni ya Idris.

Kama kuna mwenye chaneli anasikiliza na ana wazo la kuirudisha, sihitaji nyumba ya vioo wala dola laki tatu. Nipe visoda hivi kumi na viwili, nyumba moja, chaneli moja, siku mia na kitu, na mtu akitaka kuongea Kiswahili na mwenzake wa Kongo usiku jikoni aachwe aongee, weka maandishi chini. Dola 50,000 zinatosha, mimi mwenyewe nitajaza fomu. Alhamisi, Project Fame.