Baldur's Gate 3: uchawi unashika sheria zake, hadi mtu afe

Gemu nyingi za kuigiza wahusika zinasimulia jambo moja na kukuchezesha jingine. Kwenye hadithi uchawi ni wa hatari, una gharama na watu wanauogopa. Ukishika kidhibiti, ni kitufe tu kinachojijaza upya baada ya sekunde kadhaa. Baldur's Gate 3 ya Larian Studios, iliyotoka Agosti 2023, imejengwa juu ya kanuni za toleo la tano la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, na kwa sehemu kubwa imelikwepa tatizo hilo. Ilipoteleza, imeteleza mahali pabaya kweli. Mapigano, michoro na muziki vimeshaandikwa vya kutosha. Hapa naangalia kitu kimoja: je, yanayosemwa kuhusu uchawi ndiyo yanayotokea ukiutumia?

Chukua Speak with Dead, afsuni ya daraja la tatu ya kuzungumza na maiti. Unauliza hadi maswali matano, na maiti inajibu yale aliyoyajua marehemu, basi. Lakini kama wewe ndiye uliyemuua, hakuambii kitu.  Maiti inagoma. Dawa yake ni Disguise Self: badili sura, rudi, uliza tena, na safari hii anafunguka kwa sababu hakutambui. Hakuna aliyekufundisha mbinu hiyo. Umeifikia kwa kufuata mantiki ya ulimwengu wenyewe, na hapo ndipo kanuni na hadithi zinapokuwa kitu kimoja.

Friends nayo imefikiriwa vizuri. Ni afsuni ndogo isiyokula nafasi, yaani ile akiba yenye kikomo ya kutumia afsuni, inakurahisishia kumshawishi mtu, lakini nguvu yake ikiisha yule uliyemrubuni anaweza kukushutumu hadharani. Itumie unapokaribia kuondoka mahali hapo. Kwa mfanyabiashara unayetaka kurudi kwake kila siku, usiiguse.

Kwenye mapigano, nguzo ni umakini. Afsuni kama Bless (baraka), Haste (kuharakisha) na Hold Person (kumgandisha mtu) zinahitaji mchawi azishikilie akilini, na hawezi kushikilia mbili kwa wakati mmoja. Akipigwa, anarusha dadu ya pande 20 kuona kama atavumilia: kiwango cha kufikia ni 10 au nusu ya madhara aliyopata, kipi ni kikubwa. Pigo la 12 linadai 10. Pigo la 30 linadai 15. Wengi wanaharibikiwa kwenye Haste. Mchawi anamharakisha mpiganaji wa mbele, halafu yeye mwenyewe anasimama mahali mishale inapomfikia. Umakini ukikatika, yule mpiganaji anapoteza zamu nzima akiwa katikati ya maadui. Mweke mchawi nyuma ya ukuta, au tumia dawa ya kunywa yenye athari hiyohiyo, ambayo haihitaji umakini wa mtu.

Silence, afsuni ya kuweka duara la ukimya, inafuata mantiki ya ulimwengu pia. Kama afsuni hutamkwa, basi penye ukimya haitamkiki, na wachawi wa adui walio ndani ya duara hilo wanabaki na silaha zao za mkononi. Kule chini ya ardhi kuna maua ya sussur yanayozima uchawi, na yanauzima wako kama yanavyouzima wa maadui.

Gale, yule msomi wa uchawi, ndiye mhusika aliyejengwa vizuri kuliko wote kwa upande huu. Anasema anahitaji kula nguvu za vifaa vya kichawi, na kifaa unachompa kinatoka kweli kwenye mkoba wako, hakirudi. Akifa, inatokea taswira yake ikiwa na maelekezo ya hatua kwa hatua ya kumfufua, kwa sababu alijua kifo chake kingekuwa hatari kwa kila mtu.

Tatizo ni wengine wote. Kwenye kanuni za mezani za 2014, Revivify, afsuni ya kufufua, inataka almasi ya dhahabu 300, inayoteketea, na maiti isizidi dakika moja. Larian wameondoa almasi na wameondoa dakika. Kuna skroli zake (karatasi zenye afsuni tayari) za kutosha njiani, na ukiishiwa, Withers, mhusika anayekaa kambini kwako, anafufua kwa dhahabu 200. Kisha hadithi inakutaka umlilie mtu aliyelala mbele yako huku mkoba umejaa skroli zisizomkubali, kwa kuwa zinafanya kazi kwa kikosi chako tu. Hakuna anayetoa sababu. Sentensi moja tu kutoka kwa kuhani yeyote ingetosha, na kukosekana kwake kunapunguza uzito wa kila kifo kinachofuata.

Tundu la pili ni kwa Wizard, aina ya mhusika anayejifunza uchawi kwa kusoma, kama Gale. Kunakili skroli kwenye kitabu chake kunagharimu dhahabu 50 kwa kila daraja, nusu yake kwa tawi lake la uchawi, na hiyo ni sawa. Lakini Cleric (kuhani) wa ngazi 11 aliyechukua ngazi moja tu ya Wizard anaweza kunakili afsuni za daraja la sita, kwa vile gemu inatazama nafasi zake zote kwa jumla. Miaka ya masomo ambayo Gale anaizungumzia inakuwa haina maana. Vilevile, kwa dhahabu 100 Withers anambadilisha Wyll, mwenzako mwingine, asiwe Warlock tena, yaani mchawi aliyepata nguvu zake kwa mkataba, na bado mwenye mkataba wake anaendelea kumdai kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Anayejali mambo haya anaweza kujiwekea masharti. Tumia Revivify ndani ya pambano lilelile tu, zisipite zamu 10, ambazo ni dakika moja ya mezani, na kila mara dondosha dhahabu 300 chini uziache. Mwandikie Wizard afsuni kulingana na ngazi zake za Wizard peke yake: daraja la pili akiwa na ngazi 3, la tatu akiwa na 5, la nne akiwa na 7. Cheza Tactician, kiwango kigumu cha gemu, ambako pumziko refu linakula akiba 80 za chakula badala ya 40, ili nafasi za afsuni ziwe na thamani. Ila usibane mapumziko kupita kiasi: mazungumzo mengi ya wenzako yanatokea kambini usiku, na ukipumzika mara chache mno yanarundikana na mengine yanakupita.