Sampha: nimenunua albamu zake zote mbili kwa santuri, haya ndo maoni yangu

Juzikati nilikuwa jikoni nasonga ugali, nimeweka Process, albamu ya kwanza ya huyu mwimbaji wa London anayeitwa Sampha, kwenye spika, mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja akaingia akasimama mlangoni akaniuliza, "Oya, huyu si ndo yule wa kwenye ngoma ya Drake?" Nikamwambia ndo huyohuyo. Akaenda zake chumbani, haijapita dakika mbili karudi, "Na ile ya Solange ya nywele?" Ndiyo, nayo yeye. Akaniuliza anaitwa nani sasa, maana miaka yote hiyo anaisikia sauti hajawahi kujua ni ya nani.

Ndo shida ya Sampha hiyo. Jamaa ni kama lile sufuria kubwa la mtaani ambalo kila mwenye shughuli anakuja kuliazima, likirudi limejaa masizi, linaoshwa, wanakuja wengine. Drake kalichukua 2013, Kanye West na Solange na Frank Ocean wote 2016, Kendrick Lamar 2022 kwenye ule wimbo wa mambo ya baba na mtoto wa kiume, na mwaka huohuo Stormzy akamwachia kabisa wimbo mzima na jina lake akaliweka kwenye jina la wimbo. Sasa mimi nilishachoka kumsikia kwenye sherehe za watu, nikasema safari hii natoa hela yangu kwa kazi zake mwenyewe.

Nikanunua santuri mbili. Process ya 2017 nimeipata ya mtumba, Lahai ya 2023 nimenunua mpya. Naanza na hii ya mtumba maana ndo yenye kisa.

Kwa asiyemjua, anaitwa Sampha Sisay, kazaliwa London 1988, wazazi wake wametoka Sierra Leone, kwao ni watoto wa kiume watano na yeye ndo kitinda mimba, kakulia Morden, kule kusini kabisa ambako treni ya chini ya ardhi ya Northern inaishia. Baba yake alileta piano nyumbani yeye akiwa mdogo bado, halafu mzee akafariki 1998 dogo hajafikisha hata miaka 10. Baadaye mama naye akaugua kansa, jamaa akawa yupo nyumbani anamuuguza huku albamu inatengenezwa, mama akafariki 2015. Kwa hiyo ukiiweka Process jua kabisa unaingia kwenye nyumba yenye msiba, siyo albamu ya kupikia ugali kusema kweli, mimi nilikosea.

Kuna wimbo mmoja humo ni piano na sauti yake, vingine vidogo sana, anaiimbia ile piano ya nyumbani kwa mama yake. Hana mbwembwe, hapandishi sauti kama wale wa mashindano ya kwenye TV, anaimba kama mtu anayeongea na ndugu yake usiku wengine wamelala. Mara ya kwanza kuusikiliza kwa makini nilikuwa natoka shifti ya usiku, nimeuanza tukiwa tumepita Colliers Wood, natakiwa nishuke South Wimbledon, milango imefunguka imefungwa mimi nipo nimeangalia viatu vyangu tu, kuja kushtuka nipo Morden mwisho wa reli. Hukohuko alikokulia yeye. Nikacheka mwenyewe, nikavuka upande wa pili kusubiri treni ya kurudi. Kama umeondokewa na mzazi karibuni, huo wimbo usikilize ukiwa nyumbani.

Lakini msije mkadhani ni albamu ya kulia mwanzo mwisho. Huyu mtu kaanzia kwenye muziki wa kompyuta, aliibuka na SBTRKT, yule prodyuza wa kuvaa kinyago, kwenye albamu ile ya 2011 kaimba nyimbo kadhaa na wakazunguka wote kwenye shoo, yeye anaimba na kupiga kinanda. Ile shule ipo wazi kwenye Process. Blood on Me ngoma zinakimbia na yeye anahema kama kafukuzwa na mbwa, besi inagonga mpaka vikombe vinalia kabatini (hapa santuri inashinda simu mbali sana). Kora Sings nao una nyuzi za kora, kile chombo cha Afrika Magharibi, vimechanganywa na biti ya kisasa na huoni pa kuunganishia, siyo kama wale wanaobandika ngoma za Kiafrika juu ya biti ili mradi tu. Ufunguzi wa albamu ni sauti ya Neil Armstrong akiwa kule mwezini, halafu nyuzi zinaingia taratibu. Dakika kama 40 hivi nyimbo 10, hakuna wa kuruka. Labda mmoja katikati.

Na hiyo albamu ndo ilimpa Mercury Prize 2017, ile tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, mwaka ambao Ed Sheeran alikuwepo, Stormzy alikuwepo, The xx walikuwepo, halafu hela ya zawadi kaondoka nayo, paundi 25,000, huyu mpole asiyependa hata kuongea. Nilifurahi kama nimeshinda mimi.

Sasa Lahai. Tulisubiri miaka 6 na zaidi, jamani, miaka 6! Mtoto aliyezaliwa Process ilivyotoka alikuwa keshaanza shule. Jina ni la babu yake mzaa baba na ndo jina lake la katikati pia, na hapo katikati ya ukimya wote huo na yeye kawa baba, 2020. Inasikika. Process kifua kimebana, huku kafungua madirisha. Kuna Yussef Dayes anapiga ngoma, kuna mwimbaji Yaeji, sauti za kike zinapita nyuma zinapishana na yake, piano zinazunguka kama feni, na biti nyingi ni zile za kukimbia za London, ila zimepigwa kwa mkono mwepesi. Spirit 2.0 niliirudia mara nne siku ya kwanza.

Lalamiko langu kwenye Lahai ni kwamba nyimbo zinamwagikiana sana, nyingine fupi, ukiulizwa upi uliupenda unabaki "ule wa… ule unaokuja baada ya ule." Mwenzangu wa jikoni kaipenda hii zaidi, anasema inamfaa akipiga pasi. Mimi naicheza mara nyingi kuliko Process, sikatai, ila nikiambiwa nirudishe moja dukani nitairudisha Lahai. Kama unaanza, anza na Process, Lahai itakuja kukuelewesha alikofika.

Na kama huna mashine ya santuri usijitese, kwenye simu na hedifoni nzuri inatosha, Lahai hasa ni ya hedifoni maana kuna vitu vinapita sikio la kushoto kwenda la kulia kwenye spika ya bluetooth huvisikii.

Kuhusu ile ya mtumba: nimetoa paundi 19 kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji, kaandika hali yake "safi sana", kufika upande wa kwanza kweli ni safi, upande wa pili una mkwaruzo mrefu kama wa ufunguo na sindano inaruka mahali palepale kila siku, inarudia neno moja mpaka niende nikaisukume kwa kidole. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Ukinunua ya mtumba omba upigiwe picha pande zote mbili chini ya taa, wakikutumia picha ya jalada tu achana nao. Process nyota 5, muuzaji 1, Lahai 4.