Sodiamu dodesili salfeti ya maabara: unga, chembe au myeyusho ulio tayari?

Nimeitumia sodiamu dodesili salfeti, kemikali ya jamii ya sabuni tunayoandalia protini maabara, kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliagiza unga bila kufikiri, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiuagiza walionitangulia. Safari hii tuliagiza kwa pamoja chupa ya unga ya gramu 500, chupa ya chembe ya uzito uleule, na chupa ya myeyusho wa asilimia 20, zote za daraja linalofaa kwa kazi za protini, ili tuzipime kwa jambo moja ambalo orodha za wauzaji hazilitilii maanani: ni umbo lipi mtu anaweza kulishika kila siku bila kuumia pua, macho na ngozi. Kwenye jeli, ile tunayotenganishia protini kwa umeme, hatukuona tofauti yoyote kati ya bidhaa hizo tatu. Tofauti yote ilikuwa kwenye vumbi.

Wengi wanaifahamu kemikali hii kwa jina lake jingine, sodiamu lauri salfeti, kwa sababu limeandikwa kwenye vikasha vya dawa ya meno na kwenye chupa za shampuu. Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza. Nimemsikia mwanafunzi akisema kwamba kitu anachokitia kinywani kila asubuhi hakiwezi kumdhuru mezani, na nilimwelewa kabisa, lakini dawa ya meno ina asilimia chache tu za kitu hicho, tena kimeloa, kimechanganywa na vitu vingine na kinasuuzwa baada ya dakika mbili. Chupa ya maabara ina asilimia 99 ya kitu chenyewe, kikiwa kikavu na chepesi. Molekuli yake ina mkia wa kaboni 12 unaoshikamana na mafuta na kichwa cha salfeti kinachoshikamana na maji, na kwa umbo hilo huweza kuzifungua protini na kuzivika chaji hasi, takribani gramu 1.4 kwa kila gramu ya protini. Ndiyo maana imekuwa nguzo ya kazi ya jeli tangu mwanasayansi Laemmli alipoeleza utaratibu wake mwaka 1970. Lakini haina macho ya kuichagua protini ya sampuli na kuiacha ya mwenye sampuli. Huondoa mafuta ya ngozi na kuvuruga protini za tabaka lake la juu, na watafiti wa ngozi wanapotaka kuwasha ngozi kwa makusudi, ili wapime krimu au glavu fulani, hii ndiyo kemikali wanayoipaka.

Kabla ya kufungua chochote nilisoma lebo. Chupa ya unga ilikuwa na alama tatu zenye mpaka mwekundu wa msharazi: mwali wa moto, alama ya mshangao, na ile ya ulikaji inayoonyesha kimiminika kikila mkono na chuma. Neno la tahadhari lilikuwa «Hatari», ambalo katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali ni zito kuliko «Onyo». Wenzangu wawili walidhani alama ya ulikaji imewekwa kwa makosa, kwa kuwa kemikali hii haiunguzi ngozi kama asidi kali. Haikuwekwa kwa makosa. Ngozi huwashwa, lakini jicho linaweza kupata madhara makubwa, na mfumo huo hutumia alama hiyohiyo kwa madhara ya jicho yasiyotibika kwa urahisi. Mwali wa moto nao una sababu yake, kwani mkia ule wa kaboni unaungua, na unga mkavu uliotapakaa hewani karibu na cheche ni jambo la kuogopwa. Naisifu lebo ile kwa ukamilifu wake. Ninachoilaumu ni ukubwa wa maandishi, kwani sentensi inayohusu macho ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilinibidi niisogeze chupa hadi karibu na uso ili niisome, na huko ndiko chupa hii isikotakiwa kufika.

Sasa unga wenyewe. Chupa ina mdomo mpana, jambo ambalo ningelisifu kwa kemikali nyingine, lakini hapa kila ukifungua kifuniko hewa inayoingia inaiamsha tabaka ya juu, na unaona kwa macho moshi mwembamba mweupe ukipanda mdomoni. Nilikuwa nikipima gramu 10 kwa ajili ya lita moja ya bafa, yaani myeyusho unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike, iliyokolezwa mara kumi. Kijiko kilipokaribia glavu, chembechembe ziliruka zenyewe na kunata kwenye kidole, kwa nguvu ya umeme tuli, na nilipokikung'uta kijiko zaidi zilibaki kuning'inia ubavuni mwake. Namba za mizani hazikutulia kwa sababu ya upepo wa kabati la kuvutia hewa. Nikashawishika kuzima feni. Nilipoizima namba zilitulia, na baada ya dakika moja hivi koo likaanza kukwaruza. Kikohozi chake si cha ghafla kama cha amonia, ambacho humfukuza mtu kabla hajaumia. Hiki huja polepole, mtu akiwa amekwisha kuvuta ya kutosha, kisha hufuatwa na chafya na pua kuwaka kwa muda mrefu, na kwa mwenye pumu si jambo dogo hata kidogo.

Njia niliyoiona inafaa kwa unga ni kuacha kuupima juu ya karatasi. Pima kwanza chombo kitupu chenye kifuniko, kipeleke kwenye kabati feni ikiwa inafanya kazi, tia unga unaokadiria, funga, kisha rudi mezani ukakipime kikiwa kimefungwa. Ukikuta gramu 10.4 badala ya 10, ongeza maji kwa uwiano huo badala ya kurudi kupunguza unga. Unahitaji glavu za nitraili, koti lililofungwa vifungo na miwani inayoziba pande zote, si ile ya kawaida iliyo wazi ubavuni, kwa kuwa vumbi halisubiri likujie kwa mbele. Maji yatangulie kwenye bika, unga ufuate kidogokidogo huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka taratibu. Ukitikisa, utapata povu litakalokaa hadi jioni.

Chembe ni habari nyingine kabisa. Zinafanana na punje fupi nyeupe, zinaanguka kutoka kwenye kijiko kama mchele, na mizani ilitulia mara moja hata feni ikiwa imewashwa. Nilizipima mara sita kwa siku tofauti na sikukohoa hata mara moja. Kasoro yake ni uvivu wa kuyeyuka: kwenye maji ya kawaida zilichukua karibu mara mbili ya muda wa unga, ingawa maji ya vuguvugu yaliumaliza uvivu huo. Kasoro ya pili ni kwamba chini ya chupa hukusanyika unga kutokana na punje kusuguana njiani, kwa hiyo robo ya mwisho ya chupa ishughulikiwe kama unga, miwani na kabati vikiwa palepale. Kemikali ni ileile na lebo ni ileile. Kilichopungua ni uwezekano wa kuifikisha machoni na mapafuni.

Myeyusho ulio tayari ndio ninaoupendekeza kwa madarasa, ambako watu 20 hawapaswi kufungua chupa ya unga katika chumba kimoja. Haurushi vumbi, lakini unaweza kurukia jichoni, na jicho lililopatwa lisuuzwe mara moja kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, lenzi zikitolewa, kisha mtu apelekwe kwa daktari hata akisema amepona. Myeyusho huu hauvumilii baridi. Chumba chetu kiliposhuka chini ya nyuzi 20 za selisiasi, tulikuta nusu ya chupa imegeuka fuwele nyeupe, na mwenzangu alitaka kuimwaga akidhani imeharibika. Tuliiweka kwenye maji ya nyuzi 37 ikarudi kuwa angavu. Pia usiukutanishe na bafa yenye potasiamu, kwani chumvi ya potasiamu ya dodesili salfeti haiyeyuki vizuri na hujitenga papo hapo kama maziwa yaliyoganda.

Kuhusu kumwagika, nina neno moja kutokana na yaliyonipata. Unga ulipomwagika sakafuni niliufagia ukiwa mkavu, na nikautia wote hewani. Kisha nikapiga deki kwa maji kidogo, na sakafu ikateleza hata mtu akakaribia kuanguka. Unga huo ulitakiwa kuokotwa kwa karatasi nyevu zilizolazwa juu yake kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha sakafu kuoshwa kwa maji mengi mara kadhaa hadi povu liishe. Karatasi hizo ziingie kwenye taka za kemikali, kwani viumbe wa majini nao hudhurika na kemikali hii.

Kwa kazi za kila siku sasa tunaagiza chembe. Unga uliobaki, gramu 430 hivi, sikutaka uendelee kufunguliwa na kila mkono. Niliumalizia siku moja ndani ya kabati: nilitia maji moja kwa moja kwenye chupa yake, taratibu kupitia ukutani mwa chupa, nikahamishia tope lile kwenye bika kubwa, nikasuuza chupa mara tatu na kuongeza masuuzo humohumo, kisha nikafikisha lita 2.15 za myeyusho wa asilimia 20.