Bustani za Ukutani Mikindani

Maonyesho ya picha za bustani katika ukumbi mmoja wa mji wa kale wa Mikindani yanafaa kutembelewa na familia nzima, mradi mmoja wenu awe ameshika jembe maishani mwake. Maelezo yaliyobandikwa chini ya picha ni haba mno: jina la mchoraji, mwaka, basi. Sisi tulikwenda na mama mkwe wangu, mkulima wa korosho wa upande wa Newala, na bila yeye watoto wangelizunguka ukumbi mara moja na kuanza kudai soda.

Picha nyingi zimechorwa kwa mtindo wa tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Wengi tumezoea kuuona mtindo huo ukibeba tembo na twiga wa kuuziwa watalii, lakini hapa wachoraji wamegeukia uani: mipapai, migomba, mwarobaini wenye kivuli cha mkeka na, kama inavyotarajiwa Kusini, mikorosho. Tulikaa zaidi mbele ya mkorosho mmoja uliojaza ubao mzima, wenye maua na mabibo mekundu kwa wakati mmoja. Mwanangu mkubwa alidai kwamba mchoraji amekosea, kwa kuwa mti hauwezi kuwa na vyote viwili. "Unaweza, mjukuu wangu," bibi yake akamjibu, "matawi hayachanui siku moja." Kisha akasogea karibu na kucheka, maana kwenye bibo moja la pembeni korosho ilikuwa imechorwa juu, penye kikonyo, ilhali huning'inia chini ya bibo. Tangu hapo watoto walikagua kila picha kama maofisa wa ghalani.

Mwanga ndio unaoharibu kazi. Rangi ya baiskeli hung'aa, na jua la alasiri likipenya madirishani unalazimika kusimama upande ili uione picha badala ya kujiona mwenyewe. Zaidi ya hayo, picha zimetundikwa kwa kimo cha mtu mzima, hivyo mdogo wetu nilimbeba karibu muda wote.

Kona iliyonipa shaka ni ile ya nakala za Claude Monet, aliyeishi Giverny, Ufaransa, kuanzia mwaka 1883 hadi alipofariki mwaka 1926, na ambaye alitengeneza bwawa la yungiyungi katika bustani yake ili apate cha kuchora. Wazo ni zuri, ila picha zake kubwa za yungiyungi zilizoko Paris, katika jumba la Orangerie, zina kimo cha takribani mita 2 na zimezunguka kuta za vyumba viwili vya umbo la yai, hata mtazamaji hujikuta katikati ya maji. Kuzichapisha kwenye karatasi ndogo ni kumwonyesha mtu kalenda. Afadhali nafasi hiyo wangepewa wachoraji wa hapa.

Kiingilio ni nafuu na watoto hawakutozwa. Kutoka Mtwara mjini ni safari fupi ya daladala, kilomita zipatazo 10. Nendeni asubuhi, kabla jua halijafika kwenye madirisha hayo.