Uchambuzi wa All in the Family: Misimu Yote 9 Katika Sanduku Moja la DVD

Karibuni, watazamaji wangu wapendwa. Sanduku hili mnaloliona mezani lina DVD 28, na humo mmo misimu yote 9 ya All in the Family, komedi ya familia iliyorushwa na kituo cha CBS nchini Marekani kuanzia tarehe 12 Januari 1971 hadi mwaka 1979. Mkusanyiko huu ulitolewa na kampuni ya Shout! Factory mwaka 2012. Nimeutazama wote, na zipo sehemu nilizozirudia mara tatu au nne, kwa sababu nilitaka kuelewa ni vipi niliweza kucheka pamoja na mzee ambaye maneno yake mengi yananiudhi, kisha nikajikuta ninamhurumia.

Mzee huyo ni Archie Bunker, aliyeigizwa na Carroll O'Connor. Ni msimamizi wa wapakiaji mizigo, mzungu wa kipato cha kawaida, anayeishi katika nyumba ndogo eneo la Queens, jijini New York. Anawadharau watu weusi, Wayahudi, Wakatoliki, wahamiaji na wanawake wanaodai haki, na hasemi chini chini. Mkewe Edith, ambaye ni kazi ya Jean Stapleton, ni mwanamke mpole anayeonekana mzito wa kuelewa mambo, lakini mara nyingi yeye ndiye anayeuona ukweli kabla ya wengine. Binti yao Gloria ameolewa na Michael Stivic, kijana wa chuo mwenye asili ya Kipoland, na hao wawili wanaishi humo humo kwa mzee. Mtazamaji wa Kiswahili ataushika uzito wa jambo hili upesi. Kwa desturi zetu, mkwe humwonea haya mkwewe, hula kwa adabu na kusema machache. Hapa kijana analala chini ya dari ya baba mkwe, anakula chakula chake, na kila siku wanagombana mezani juu ya vita vya Vietnam, rangi ya watu, Mungu na Rais Nixon.

Mtayarishaji Norman Lear alichota wazo lake kutoka komedi ya Uingereza iitwayo Till Death Us Do Part. Kituo cha ABC kiligharimia sehemu mbili za majaribio, kikazikataa zote mbili, na majaribio hayo yamo katika sanduku hili. Hata CBS waliokubali walikuwa na hofu: usiku wa kwanza waliweka tangazo la kuwaeleza watazamaji kwamba kipindi kinamulika udhaifu na chuki zetu kwa ucheshi ili kuonyesha upuuzi wake. Baada ya hapo kilishika nafasi ya kwanza kwa idadi ya watazamaji Marekani nzima kwa misimu 5 mfululizo.

Sasa tuingie katika ucheshi wenyewe. Sehemu ya mwaka 1972 inayomhusu Edith akiwa katika umri wa kukoma hedhi ni mfano mzuri. Kumbukeni kwamba jambo hilo halikuwa likizungumzwa katika televisheni ya wakati huo, sembuse kuchekewa. Edith, ambaye siku zote ni mtiifu, anaanza kufoka, kulia na kubadilika kila dakika, na Archie, aliyezoea kumnyamazisha kwa neno moja, hajui ashike wapi. Mwishowe anamwambia kwa ukali kwamba kama ni lazima abadilike, basi abadilike sasa hivi, na anampa sekunde 30. Edith anamtazama, kisha anauliza kwa unyenyekevu kama anaweza kumaliza supu yake kwanza. Hadhira iliyokuwa studioni, maana kipindi kilirekodiwa mbele ya watu, inaangua kicheko kikubwa. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona kilichofanyika: ujinga wa mume umeanikwa hadharani bila mtu yeyote kuhutubia, na mwanamke hakuchekwa kwa hali ya mwili wake.

Mfano wa pili ni ule unaojulikana zaidi, wa ziara ya Sammy Davis Jr., pia wa mwaka 1972. Msanii huyo maarufu mweusi amesahau mkoba wake katika teksi ambayo Archie alikuwa akiiendesha kwa muda, naye anakuja nyumbani kuuchukua. Anakaribishwa akae katika kiti cha Archie, kiti ambacho mtu mwingine akikikalia hufukuzwa. Archie anajitahidi kuwa mwenyeji mwema, na kila sentensi anayoitoa inazidi kumvua nguo. Mwishoni wanasimama kupigwa picha ya kumbukumbu, na kamera inapobofywa, Sammy anambusu Archie shavuni. Utazameni uso wa O'Connor hapo. Hasemi neno, na kicheko cha hadhira kinaendelea kwa muda mrefu sana.

Hata hivyo, sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha mkusanyiko huu imo katika msimu wa 8, na ilirushwa mwaka 1978. Archie na Michael wamejifungia kwa bahati mbaya katika stoo ya baa ya Archie, kuna baridi, na wanakunywa ili wapate joto. Pombe inapomlegeza, Archie anasimulia utoto wake wakati wa ukata mkubwa, baba yake alipopoteza kazi, naye akawa anakwenda shule amevaa kiatu mguu mmoja na buti mguu wa pili, wenzake wakampa jina la utani kwa ajili hiyo. Anataja kwamba mtoto mmoja mweusi aliwahi kumpiga. Michael anauliza sababu, na inabainika kwamba Archie alikuwa amemwita kwa tusi la kibaguzi. Archie anashangaa kwa nini swali hilo linaulizwa, kwa kuwa nyumbani kwao hilo ndilo jina pekee alilolisikia kwa baba yake. Michael anamwambia kwa upole kwamba baba yake alikosea.

Hapo Archie anageuka. Anaanza kueleza baba yake alikuwa mtu wa namna gani: mtu aliyetafuta riziki, aliyemletea peremende, aliyemshika mkono wakitembea bustanini. Kutoka mkono huo anafika kwenye kipigo, kwani baba huyo aliwahi kuvunjika mkono kwa kumpiga Archie, na aliwahi kumfungia kabatini kwa saa 7, yote, anasema, ili amfundishe kutenda mema. Kisha anauliza: mtu anayekupenda atakuambiaje jambo lisilo sahihi? Kicheko kimekwisha zamani. Michael, ambaye kwa misimu 8 amekuwa na jibu kwa kila neno la mzee huyu, hana jibu. Anamfunika apate usingizi.

Sijaona komedi nyingine iliyoeleza kwa namna hii jinsi ubaguzi unavyorithiwa. Archie hakuusoma katika kitabu wala hakuulishwa na mwanasiasa. Aliupokea pamoja na peremende, kutoka mkono uleule, na kuukana ni sawa na kumkana baba. Hotuba za Michael, ambazo ni nyingi na wakati mwingine zinachosha, haziwezi kufika mahali hapo.

Lakini lazima niseme jambo linalonitia wasiwasi. Je, watazamaji wote walicheka kwa sababu moja? Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti juu ya watazamaji wa Marekani na Kanada, wakaona kwamba wenye chuki nyingi zaidi za kibaguzi walielekea kuvutiwa na Archie na kuona Michael ndiye anayefanywa kichekesho. Mwandishi Laura Z. Hobson alikuwa amekwisha kulalamika mwaka 1971 kwamba kipindi kinamfanya mbaguzi apendeke. Ninaichukulia hoja hiyo kwa uzito wote, na ziko sehemu za misimu miwili ya mwanzo ambazo mfululizo wa matusi ndio unaobeba kicheko, na jibu linakuja dhaifu na limechelewa. Hizo sikuzirudia. Mambo yanakuwa bora pale jirani mweusi George Jefferson anapoingia, mwenye kiburi na chuki zake mwenyewe, kwa sababu Archie anapata mtu wa kumjibu kwa kipimo kilekile. Familia hiyo ilipewa kipindi chake mwaka 1975, kikadumu hadi mwaka 1985.

Niwatahadharishe pia kuhusu sehemu ya mwaka 1977 inayohusu siku ya kuzaliwa ya Edith anapotimiza miaka 50. Mwanamume anaingia nyumbani akijifanya askari na kujaribu kumbaka, huku familia ikiandaa sherehe nyumba ya pili. Anajiokoa kwa kumtupia usoni keki inayoungua kutoka jikoni, na hadhira inashangilia kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia katika komedi. Imefanywa kwa heshima kubwa, na baada ya tukio tunaonyeshwa hofu ya Edith bila haraka. Mwenye jeraha la aina hiyo aruke sehemu hii bila kujilaumu.

Kuhusu sanduku lenyewe, DVD hizi ni za kanda ya 1, yaani Marekani na Kanada, kwa hiyo mashine nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hazitazisoma. Hakikisheni mna mashine isiyofungwa kwa kanda yoyote. Picha ni ya mkanda wa video wa miaka ya 1970, si kali, na inakaa katikati ya kioo cha televisheni za leo. Kiingereza cha Archie ni kigumu kwa sababu anayaharibu maneno. Jina la daktari wa wanawake, kwa mfano, analichanganya na neno la kinena. Msimu wa 9 ni dhaifu, kwani Gloria na Michael wamehamia California, na nyumba imepoa.

Pamoja na hayo yote, ninaupendekeza mkusanyiko huu kwa moyo mweupe. Msianze na diski ya kwanza. Anzeni na supu ya Edith katika msimu wa 2, kisha Sammy, kisha mrukie moja kwa moja stoo ya baa katika msimu wa 8, na hiyo ya mwisho, kama inawezekana, itazameni mkiwa mmeketi na baba zenu.