TAHADHARI: taa za LED za betri zinazouzwa Chake Chake zinaunguza

Naona haya lakini nasema, laki na ishirini yangu imekwenda. Taa nane, elfu 15 moja, za kwa mama kule Micheweni, ile sola mnaijua.

Muuzaji kanikalisha, kanipa kahawa, kaniuliza mama anaendeleaje, kisha akashika betri ya volti 12 akagusisha waya, taa ikawaka nyeupeee. Nkamuuliza, hii LED ya wati 1, resista yake, kile kipande cha kupunguza umeme, wati ngapi? Akanitazama machoni, "Wati 5 bwana, ile nyeupe ya simenti, nimeifunika silikoni isiingie unyevu." Nkaona sawa, maana hata mie silikoni natia, na tumetoka kuswali Alasiri safu moja, ningemdhania vipi jamani? Akaizima hata kahawa sijamaliza. Hapo ndo nlipopigwa.

Usiku wa kwanza, hata Isha bado, mama anapiga simu harufu ya kuungua jikoni, na jiko lenyewe la makuti! Mdogo wangu kaing'oa kwa mkono, vidole vikababuka. Asubuhi nkachana silikoni kwa kisu, ndani resista ya robo wati, nyembamba kama njiti ya kiberiti, nyeusi tititi. Piga hesabu: volti 12 toa 3.2 za LED zinabaki 8.8, LED yavuta kama miliampea 330, ni karibu wati 3 za joto tupu kwenye kitu cha robo wati, tena kimezibwa silikoni, joto litokee wapi? Na sola ikiwa inachaji betri inapanda hadi volti 14 na kitu, ndo balaa zaidi. Angezipanga LED tatu kwa mfuatano resista ingebakiwa na volti 2 na nusu tu, lakini hata hilo hakujali.

Nlipomrudia kasema betri yangu mbovu. Wallahi mtu huyu afungiwe duka, ZBS, shirika la viwango la Zanzibar, waje wabebe mzigo wote, polisi wamchukue, alipe vidole vya mdogo wangu na ashtakiwe, nyumba ya mama ingeteketea na yeye angekuwa anakunywa kahawa na mwengine!

Taa hizo ni nyepesi, silikoni imejazwa, na muuzaji hataki uiache iwake dakika kumi uishike. Resista ya simenti ya kweli ni kipande cheupe kinene, kimeandikwa 5W juu, asipokuonesha ondoka.

Mwenye nazo azitoe kwenye betri usiku huu huu, hasa zilizo karibu na makuti. Zangu zote nane nimeziweka kwenye ndoo, polisi wakizitaka zipo.