Fomu mbili za kupima maisha ya mutoto wa mugongo wazi: tumezijaribu hapa Goma, moja naipenda, ingine hapana sana

Nianze na nyota kabisa ju najua bengi munasomaka paka pale: fomu ndefu naipatia 2 na nusu ku 5, fomu fupi 4, na huduma ya kituo 3. Jina ya kituo nitaiacha, batu ba pale ni bazuri na tungali tunarudia kule.

Binti yangu eko na miaka 15, alizaliwa na spina bifida (njo ule mugongo wazi), balimupasua mugongo akiwa kichanga kisha bakamuwekea valvu ju ya maji ya kichwa, anatembea na kigari. Tunaishi Ndosho. Mutu wa Goma akisikia kigari na Ndosho mu sentensi moja anaelewa, mawe ya volkano kila fashi, gurudumu ndogo za mbele tumeshabadilisha sijui mara ngapi.

Sasa dada wa kine (wa mazoezi ya viungo) akaniambia kuna siku banapima «kalite ya maisha» ya bijana kuanzia miaka 13, nimulete. Mimi nilifikiri ni mizani na tansio, nikamuvalisha nguo za kuvua mbio. Kufika pale, ni makaratasi. Moja ya mutoto, moja ya muzazi, kila mutu ajaze yake. Tulikuwa tumengojea masaa 3 ku benchi ya mbao, nikasema mu roho, masaa 3 na pesa ya motari mbili (moja yetu, moja ya kufungia kigari nyuma) kumbe ni ju ya kutia alama mu visanduku?

Fomu ya kwanza inaitwa PedsQL, ilitengenezwa na James Varni, mwanasaikolojia wa Marekani, na haiko ya spina bifida peke, banaijazisha mutoto wa sukari, wa kansa, wa moyo, hata ule haugonjwe. Iko na maswali 23: 8 ya mwili, 5 ya hisia za moyo, 5 ya kuishi na benzake, 5 ya masomo. Unafikiria mwezi moja uliopita, unajibu 0 kama kitu hakijakuwa shida hata kidogo, mpaka 4 kama ni shida karibu kila wakati. Kisha banageuza: 0 inakuwa 100, 1 inakuwa 75, 2 ni 50, 3 ni 25, 4 inakuwa sifuri, banajumlisha banagawa. Hesabu ya masomo ya msingi kabisa, nilimuomba stajieri (mwanafunzi mwenye anajifunza kazi pale) anionyeshe na nikaifanya mwenyewe ku kalkileta ya simu.

Shida inaanza ku yale 8 ya mwili. La kwanza ni kutembea. La pili kukimbia. La tatu michezo. Kwa mutoto wa kigari maswali matatu ya kwanza ni 4, 4, 4, sifuri tatu zimeshaingia hata hatujafika mbali, na yeye mwenyewe hakuna siku anaamka analia ju hakimbie! Hajawahi kukimbia. Aliniangalia akasema, «Mama, iyi fomu inapima miguu.» Stajieri akacheka lakini hakuwa na jibu.

Swali ingine limenibakia, liko mu fungu la moyo, linauliza kama anaogopa kile kitamupata kesho. Mama yangu! Muulize mutoto gani wa Goma? Uyu alikimbizwa ku mugongo wa papa yake usiku ule wa Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na bitu byenye bimefuata munabijua. Alijibu 4. Ndugu yake mwenye miguu mizima angejibu 4 vilevile. Mutu wa mbali akisoma ile 4 atasema ni ugonjwa wake unamuogopesha.

Lakini sikilizeni kilichonishangaza, na njo maana siko naipatia nyota 1. Ku mwili mimi nilimujazia karibu 16 ku 100, yeye alijipa karibu 44. Nilikuwa nimeandika kuoga peke yake ni 4, shida kila wakati. Akaona karatasi yangu akasema, «Mama, miaka miwili sasa najioga, weye unaletaka tu maji.» Kweli. Naleta maji, naweka kiti, natoka, na mu kichwa yangu nilikuwa ningali namuogesha. Ku fungu la benzake ikawa kinyume: mimi nilimupa 80, ju marafiki wanakuyaka pa nyumba Siku ya Mungu, banacheka, banasukana nywele. Yeye alijipa 40. Arobaini! Balipojumlisha maswali yote 23, mimi 50, yeye 51. Stajieri akafurahi, «mama, weye na binti munaelewana vizuri sana.» Dada, tunaelewana wapi? Pale nilipomuona muzaifu eko na nguvu, pale nilipomuona na furaha eko na kidonda, sifuri zangu na sifuri zake zimefunikana tu. Kama unapeleka mutoto, usikubali bakupatie jumla peke, omba fungu moja moja, na omba yake na yako pamoja. Kule kituo tulipewa jumla tu imeandikwa ku kikaratasi, mafungu nilinakili mwenyewe ku simu, na kwa hiyo nimekata nyota.

(Kineze mukubwa alinieleza baadaye kama iyo inatokeaka sana, bazazi ba batoto benye magonjwa ya muda mrefu banaonaka maisha ya mutoto kuwa mabaya kupita vile mutoto mwenyewe anaona. Alisema kwa upole lakini nilisikia aibu.)

Fomu ya pili, iyi fupi, inaitwa QUALAS-T, T ni ya bijana, miaka 13 mpaka 17, kuna ya batoto ba 8 mpaka 12 na ya bakubwa. Iyi yenyewe ni ya spina bifida peke, ilitoka Indianapolis kwa kikundi cha dokta Konrad Szymanski, ni dokta wa mambo ya mukojo, na unasikia kabisa ni mutu wa ile kazi ndiye aliuliza. Maswali 10, basi. Fungu moja ni jamaa na kujitegemea, la pili kibofu na choo. Hakuna kukimbia. Alama inaendaka vilevile 0 mpaka 100.

Hapa njo huduma iliharibika kidogo. Ile fomu ilikuwa imetafsiriwa kwa Kifaransa, fotokopi ya fotokopi, maneno ya pembeni yamekatika, na stajieri akaanza kusoma kila swali kwa sauti na kugeuza Kiswahili papohapo, mu chumba chenye kuna bamama bengine bane na kijana wa miaka 16. Swali la kuvuja mukojo! Kwa sauti! Binti yangu aligeuka akaangalia ukuta. Halafu tafsiri ya kichwani iko na shida yake, stajieri wa kwanza alisema «kuvuja», mwenzake akasema «kujikojolea», na kwa kijana wa miaka 15 hayo maneno mawili hayako sawa hata kidogo, moja ni ya bomba, la pili ni la kutukana. Fomu kama iyi inaombaka mutu atafsiri, mwingine airudishe ku lugha ya kwanza bila kuona, ndipo balinganishe. Bafanye mara moja, baandike kwa Kiswahili ya hapa, bachape, imekwisha.

Binti akaomba kalamu. Akaomba nitoke. Nilitoka, sikupenda, lakini nilitoka.

Fungu la kibofu na choo liliteremuka chini kabisa, na ile ya jamaa na kujitegemea ilikuwa nzuri. Kine alimuuliza wakiwa peke yao, kisha mutoto akakubali niingie. Kumbe ku masomo hanywe maji tangu asubuhi. Anafanyaka sonda (mupira mwembamba wa kutoa mukojo) mwenyewe, alijifunza na miaka 11, kila masaa 4 hivi, na sonda haiombi bitu bya sali ya operasio, tangu 1972 dokta Jack Lapides wa Michigan alionyesha kama usafi wa kawaida unatosha, mikono na sabuni na maji. Lakini choo cha masomo mulango haufungike, maji ni bidoni moja pale nje, na wasichana bawili ba klasi balimufuata siku moja kuona anafanyaka nini mule. Tangu ile siku anabana. Njo ile 40 ya benzake. Njo na zile enfeksio mbili za mukojo za mwaka huu, ambazo mimi nilikuwa nahesabia baridi ya sakafu ya sima (ndiyo, nilikuwa namukataza kukaa ku sima, miezi mizima).

Maswali 10 yalitoa kitu ambacho mimi, mama, nalala naye chumba kimoja, sikujua. Ningekuwa nimebaki mule ndani angejibu kila kitu kiko sawa, najua.

Kwa nini si 5? Ju haiulize njia. Haiulize maji. Haiulize kama sonda zimekwisha mu farmasia na anaosha moja hiyo hiyo wiki ngapi. Maswali ya Indianapolis ni ya mutu mwenye bomba mu nyumba na njia ya sima mpaka ku mulango, na hapa kujitegemea kwa mutoto kunasimama pale mawe yanaanzia. Nilimuambia kine, akaandika nyuma ya karatasi kwa bik, sijui itafika wapi.

Bei: fomu bure, fotokopi 500 franka kila moja, wakati: dakika kama 10 ile ndefu, 4 ile fupi. Asubuhi mapema ni bora, saa mbili tayari benchi imejaa. Choo cha kituo kiko sawa, kigari kinaingia, mulango unafungika (niliangalia).

Papa yake alienda kuzungumuza na prefe (mukubwa) wa masomo, loketi ya choo imewekwa, 4000 franka na musumari tulileta sisi. Bidoni ya pili inajazwa na mulinzi. Maji ameanza kunywa, si mingi. Balituambia turudi kisha miezi 6 bapime tena, ameshanijulisha nitabaki inje tangu mwanzo, kwa hiyo safari ile nitabeba mutó wa kukalia ju ile benchi hapana.